Mgongo wa Simu

Pete imefika Jumatano kwa basi la Dodoma,
imefungwa ndani ya soksi ya mtoto.
Nyeusi, nzito kidogo, haina jiwe.
Aikaruwa akapiga: Mama, vaa, usiivue hata ukiosha vyombo.
Nimeandika humo jina lako, presha yako,
sindano usiyopatana nayo, na namba yangu.
Ukianguka tena njiani, mtu ataigusisha simu yake
na pete itakusemea.

Nikakitazama kidole.
Tangu lini pete ikaongea?

Godlisten wa jirani akaleta simu, akagusisha.
Kimya.
Akagusisha tena, kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba aliyoambiwa ina watu.
Kimya.
"Bibi, pete yako mbovu."

Mbovu? Hebu lete hiyo simu.
Ilaze kifudifudi mezani, pale palipokauka.

Miaka thelathini na moja nimefanya kazi Mawenzi,
wodi ya wazazi, usiku mwingi kuliko mchana.
Nilikuwa na kipembe changu cha mbao:
mdomo mmoja tumboni kwa mama, wa pili sikioni kwangu,
mikono mbali,
maana ukikishika utasikia mapigo yako mwenyewe.
Wanafunzi walikuwa wanakiweka popote,
wanasubiri sekunde mbili, wanageuka midomo imewakauka:
Sista, hakuna kitu.
Hakuna kitu! Na mama kalala pale pale, anasikia.
Papasa kwanza, niliwaambia. Tafuta mgongo.
Moyo wa mtoto husikika mgongoni mwake,
si pale unapopenda wewe.

Basi nikaanzia chini, penye tundu la chaji.
Nikasogeza pete upana wa kucha, nikatulia.
Upana wa kucha, nikatulia.
Godlisten akacheka: Bibi, unaikanda?
Nyamaza, nikamwambia, humu kuna mtu.
Katikati, hamna.
Nikavua kava. Nyuma yake noti ya elfu mbili,
kitambulisho, na picha ya msichana asiye wa mtaa huu.
(Nimeiona. Sikusema.)
Nikapanda taratibu hadi chini ya jicho la kamera,
nikaizungusha pete, ule upande wenye uvimbe ukalala juu ya simu,

ikatetemeka.

Mara moja tu,
kama teke.

Na jina langu likawaka kiooni, Elirehema,
miaka sabini na miwili, asichomwe penisilini.
Godlisten hakucheka tena. Akasoma mpaka mwisho, polepole,
kama anayesoma cheti cha mtu aliyesimama mbele yake.

Tangu siku hiyo nimekosa adabu, nashika simu za watu.
Ya Ndeshukuru wa duka la dawa inasikia juu kabisa, konani.
Ya muuza ndizi wa Mbuyuni ina ufa toka huku hadi kule
na ndiyo inayosikia upesi kuliko zote.
Ya mzee Kiwia ni ya vitufe, haina sikio hata la dawa;
nikampa pole, naye akanipa pole ya presha.
Nikipapata naweka kitone cha rangi ya kucha, chekundu,
kama tulivyochora msalaba kwa kalamu tumboni
ili wa zamu ya asubuhi asihangaike.
Wanalalamika. Hawafuti.

Lakini najua atakayenikuta
huenda asiwe wa hapa Rau.
Huenda ni mpita njia, ana haraka, simu yake sijawahi kuishika.

Wewe, basi.
Usiseme hakuna kitu mapema hivyo.
Vua kava. Anzia chini.
Sogeza upana wa kucha, tulia.
Na ikikataa kabisa,
iweke simu chini,
shika mkono.